Pikipiki juu ya pantoni: simu sita ambazo mfumo wetu ulizizuia

Jumanne moja, kwenye saa nane mchana, boda mmoja alitoka mtaa wa Gerezani hapa Dar na klachi pleti ya Noah kwenye begi, anaipeleka gereji Kigamboni. Fundi wa kule alikuwa ameshashusha giaboksi, gari liko juu ya mawe, mwenyewe kakaa pembeni kwenye benchi anasubiri. Boda hata hajafika baharini fundi akaja kugundua kwamba saizi aliyoagiza siyo, akachukua simu akapiga namba ya ofisi ili dereva ageuze akabadilishe. Akapiga mara sita. Dereva hakusikia hata moja, akavuka maji, akafika, akatoa mzigo, fundi akaushika akaugeuza akamrudishia. Ikabidi arudi mjini na pleti ileile, abadilishe, avuke tena, na alipofika mara ya pili kiza kimeshaingia na mwenye gari ameshaondoka na daladala.

Zile simu hazikukatwa na mtandao, na dereva hakuwa amezima simu. Tulizizuia sisi, yaani mfumo wetu uliamua kwamba huyu mtu anaendesha kwa hiyo asisumbuliwe, na wakati unaamua hivyo yeye alikuwa kaegemea pikipiki kwenye foleni ya pantoni, kile kivuko cha kwenda Kigamboni, pale Magogoni, mikono mitupu, anaangalia maji. Mi ni mmoja wa watu watatu tulioandika huo mfumo. Naandika kisa chote kwa sababu naona vijana wengi hapa Dar wanajenga vitu vya namna hii, apu za usafirishaji, za kufuatilia pikipiki za mkopo, za madereva, na wanapita palepale tulipopita sisi, wakati watu wa utafiti walishaonya zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Tulianzaje

Duka la spea, jina lake naliacha, lilikuwa na boda tisa wa kupeleka mizigo gereji mbalimbali, Temeke, Mbagala, Tabata, Kigamboni. Mmoja wao aligongwa Buguruni akiwa anapokea simu ya mteja, mkono mmoja kwenye usukani mwingine sikioni, akavunjika mguu. Mama mwenye duka aliumia sana, akatuita akatuambia: wanangu, nataka simu ya mteja isimfikie kijana wangu akiwa barabarani, akisimama ndo imfikie. Ombi la haki kabisa, na mpaka leo naliona ni la haki.

Tukaona kazi nyepesi. Wateja wote walikuwa wanapiga namba moja ya ofisi, kwa hiyo tukaweka programu kwenye seva inayoipokea simu na kuipeleka kwa dereva mwenye mzigo wa huyo mteja. Kwenye simu ya kila dereva tukaweka apu inayosoma GPS na sensa ya mtikisiko, halafu inatuma neno moja kati ya mawili: ANAENDESHA au AMESIMAMA. Akiwa anaendesha, mteja anasikia sauti kwamba dereva yuko barabarani atakupigia, simu inakatwa, namba inabaki kwenye orodha. Akiwa amesimama, simu inapita.

Hii ndo inaitwa mifumo inayotambua muktadha. Kompyuta haikai kusubiri uiambie, inaangalia uko wapi, unafanya nini, ni saa ngapi, uko na nani, afu inajirekebisha yenyewe. Jina hilo lilianza kutumika 1994 na watafiti Bill Schilit na Marvin Theimer, kwenye mazingira ya Xerox PARC, maabara ya utafiti kule Marekani, ambako Mark Weiser alikuwa ameshaandika 1991 kuhusu kompyuta zitakazozama ndani ya maisha ya kila siku mpaka mtu asizione tena. Baadaye Anind Dey, 2001, akatoa fasili ambayo mpaka leo wanafunzi wanaikariri: muktadha ni taarifa yoyote inayoweza kutumika kueleza hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika kati ya mtumiaji na programu. Tulikuwa tumeisoma chuoni. Tukaibeba, tukasema sisi taarifa zetu ni mbili, spidi na mtikisiko, basi hali ya dereva tumeshaipata.

Kanuni yetu ya kwanza ilisema spidi ikishuka chini ya kilomita 8 kwa saa kwa sekunde thelathini, huyo amesimama. Wiki ya kwanza tu madereva wakalalamika, maana simu zilikuwa zinaingia kwenye mataa ya Buguruni, dereva yuko katikati ya malori yanayotoka bandarini, mataa yanakaribia kuruhusu na mfukoni simu inaita. Huyo kweli magurudumu yametulia lakini macho na masikio yake yote yako kazini, na ndo sehemu mbaya kuliko zote ya kumpigia mtu. Tukapandisha iwe dakika tatu. Malalamiko yakapungua, tukapumua, tukaona tumemaliza.

Dakika arobaini za Magogoni

Baada ya kile kisa cha klachi pleti nilikaa na rekodi za ile siku nikazipitia mstari kwa mstari huku dereva mwenyewe kakaa pembeni yangu ananieleza. Hiyo nayo ilinifundisha kitu, kwamba rekodi peke yake ningeisoma vibaya tena.

Alifika foleni ya pantoni akakuta watu wamejaa, akakaa karibu dakika arobaini. Kila baada ya dakika moja au mbili anasukuma pikipiki hatua chache kwa sababu mbele wamesogea na nyuma wanamsukuma, na kila akisukuma, sensa inaona mtikisiko, GPS inaona kahama, saa yetu ya dakika tatu inaanza upya. Mara mbili ilifika dakika mbili na zaidi, ikarudi sifuri. Halafu akaingia ndani ya pantoni. Pikipiki iko kwenye stendi, imezimwa, yeye anaongea na muuza karanga. Lakini chombo kinatembea na injini zake zinatetemesha sakafu nzima, kwa hiyo GPS inasema huyu anakwenda, sensa inasema kuna mtetemo, apu inasema ANAENDESHA. Akashuka upande wa pili, akawasha, akaondoka, na safari hii kweli anaendesha. Tangu alipotoka Gerezani mpaka kwa fundi mfumo haukubadilisha neno hata mara moja.

Sa ngoja nieleze sehemu inayoniuma zaidi. Simu ya nne fundi hakuipiga kwenye namba ya mashine peke yake, alimtafuta pia dada wa ofisini anayegawa kazi, kwenye namba yake mwenyewe. Dada akaangalia skrini, imeandikwa ANAENDESHA kwa kijani, akamjibu kwa heshima: fundi, kijana anaendesha, akisimama tu atakupigia. Nilipomuuliza baadaye akaniambia, "Kaka, pameandikwa anaendesha, mi ningejuaje yuko Magogoni?"

Yule dada ana miaka mingi kwenye hiyo kazi. Anajua boda anayekwenda Kigamboni saa nane mchana anapita pantoni, anajua akikuta foleni anakaa muda gani, anajua nani kati ya wale tisa anapenda kuzunguka Daraja la Nyerere kule Kurasini na nani hataki kwa sababu ya tozo. Kama skrini ingemwambia tu "Magogoni, spidi ndogo, dakika 25," angeelewa kila kitu kabla hajamaliza kusoma. Sisi tulikuwa na hizo taarifa zote, eneo, spidi, muda. Tukazificha nyuma ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa uongo.

Watu walishasema

Mwaka 2002 mtafiti Thomas Erickson aliandika makala fupi kuhusu matatizo ya wazo zima la kompyuta kujua muktadha, na mfano wake ulikuwa simu, kabisa. Alisema mashine inajua kukusanya dalili, lakini kutafsiri dalili ni kazi ambayo binadamu anaifanya vizuri zaidi, kwa hiyo badala ya simu kuamua yenyewe kuita au kunyamaza, imweleze anayepiga: mwenye simu hajasogea kwa dakika arobaini na tano, yuko sehemu yenye mwanga hafifu na kelele nyingi, unataka kuendelea au uache ujumbe? Anayepiga anamjua rafiki yake, anaunganisha mwenyewe kama yuko kwenye muziki au kwenye mkutano. Niliposoma hiyo makala baada ya kisa chetu nilikaa kimya, maana ni kama aliandika kuhusu dada wetu wa ofisini.

Na kuna jambo la zamani zaidi. Ule mfumo wa mwanzo kabisa ambao kila mtu anautaja kwenye hii fani ni beji za maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, kazi ya Roy Want, Andy Hopper na wenzao, waliyoichapisha 1992. Wafanyakazi walivaa beji inayotoa ishara ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kila sekunde 15, sensa kwenye vyumba zinaisoma, na lengo lilikuwa lilelile letu, kupeleka simu alipo mtu. Lakini taarifa ilikuwa inamfikia mtu wa mapokezi. Anaona fulani yuko chumba kile, anaona nani wengine wako naye, afu anaamua yeye aipeleke ile simu au asiipeleke. Hiki kipande cha katikati, mtu mwenye akili anayesoma na kuamua, ndo sisi tulikiondoa tukijua tunarahisisha.

Paul Dourish naye, 2004, alitenganisha namna mbili za kuuona muktadha, na hapa ndo nimeegemea mimi sasa. Namna ya kwanza inasema muktadha ni taarifa, upo pale nje umetulia, kazi yako ni kuupima na kuuhifadhi. Namna ya pili inasema muktadha unatokea ndani ya kazi yenyewe, watu wanauumba wakiwa wanafanya kazi pamoja, na kitu kilekile kinaweza kuwa muktadha dakika hii na dakika ijayo hakihusiki. Pikipiki juu ya pantoni ni mfano mzuri kwa sababu huwezi kusema kama "imesimama" mpaka uulize unataka kujua ili iweje. Kwa trafiki imesimama. Kwa mteja anayehesabu muda wa kufika, inakwenda. Kwa suala la kumpigia dereva, yuko huru kabisa. Sensa hazikukosea kupima hata kidogo, ila swali lenyewe hatukuwa tumelimaliza kuuliza.

Viraka

Tulichofanya kwanza nakieleza ili mtu asirudie. Tulichora duara kwenye ramani pale Magogoni na upande wa Kigamboni, tukaandika kanuni kwamba dereva akiwa ndani ya hili eneo na spidi iko chini ya kiasi fulani basi ahesabiwe amesimama. Ikafanya kazi. Siku chache baadaye ikaja nyingine: mchana wa jua kali madereva wanapaki kivulini karibu na ghorofa za Kariakoo, na GPS ikibanwa na majengo marefu mawimbi yanagonga kuta yanarudi, lokesheni inaruka mtaa huu inaenda mtaa wa pili, kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anaonekana anakimbia. Ukiwa sehemu ya wazi simu inakupata ndani ya mita 5 hivi, lakini Kariakoo hakuna uwazi. Tukaandika kanuni ya Kariakoo.

Kisha mvua. Barabara ya Morogoro pale Jangwani maji yakijaa inafungwa, madereva wanajibanza popote penye paa, wengine chini ya Daraja la Mfugale pale TAZARA, wanakaa saa nzima. Mfumo unawaona wametulia, unasema hawa wako huru, na kwa kuwa tulishaongeza na ugawaji wa kazi humohumo, unaanza kuwapangia mizigo ya Mbezi. Mtu kalowa, barabara imefungwa, simu inamletea oda. Tukaandika kanuni ya mvua, ikashindwa, tukaiandika upya.

Saul Greenberg alilisema hili 2001, kwamba muktadha unabadilika kila saa na kwa mambo mengi huwezi kukaa chini ukaorodhesha mapema hali zote zitakazotokea, wala kujua ni taarifa zipi zitaamua, wala kujua hatua gani ndo sahihi. Mi ningeongeza kwa mji huu: orodha yako ya hali ni orodha ya vitu ulivyowahi kuviona wewe, na mwandika programu aliyekaa Kijitonyama kwenye feni hajaona nusu ya vitu anavyoviona boda kwa siku moja.

Kuna na mambo ya simu zenyewe ambayo yalitumaliza. Madereva wana simu za bei ndogo, chaji inaisha mapema, wanawasha ile hali ya kubana chaji. Mwanzo apu yetu ilikuwa inasoma lokesheni ikiwa imejificha nyuma, yaani haijafunguliwa kwenye skrini, na tangu Android 8 ya 2017 apu ikiwa nyuma inapewa lokesheni mara chache tu kwa saa. Yameandikwa wazi kabisa, sisi ndo hatukusoma. Kwa hiyo wakati mwingine ANAENDESHA ilikuwa ni habari ya robo saa iliyopita, na skrini haikuonyesha umri wake.

Kingine ambacho kinanisikitisha mpaka leo. Ile huduma ya Android ya kutambua mtu anafanya nini inarudisha jibu pamoja na kiwango cha uhakika kutoka 0 mpaka 100, inataja kutulia, kutembea, kukimbia, baiskeli, ndani ya gari, na pia inalo jibu la "haijulikani". Pikipiki haimo kwenye orodha yake. Kwa maana hiyo simu yenyewe ilikuwa inatuambia mara nyingi kwamba haina uhakika, na sisi kwenye programu tukaandika: kama haijulikani, chukua jibu la mwisho. Tuliufuta wasiwasi wa mashine ili skrini ionekane safi.

Kitochi

Wiki tatu baada ya kisa cha Kigamboni nilikwenda kijiweni kwao nikakaa asubuhi nzima. Nikaona karibu kila dereva ana kitochi, kile kisimu kidogo cha batani, na namba yake ameshawagawia wateja wake wakubwa. Mzee mmoja pale, wa siku nyingi kuliko wote, nikamwamkia shikamoo nikamuuliza kwa nini, akanijibu bila hasira: "Mwanangu, mteja akikukosa mara mbili anakwenda duka lingine. Hiyo simu yenu inanificha."

Na kitochi kinakaa wapi dereva akiwa barabarani? Ndani ya helmeti, kimebanwa sikioni. Mfumo tuliouandika ili mtu asiongee na simu akiendesha ulikuwa umewasukuma waongee zaidi, na kwa njia ambayo sisi wala mama hatuioni. Kwenye skrini mambo yalionekana mazuri, simu zinazopokelewa barabarani zimeshuka karibu sifuri.

Louise Barkhuus na Anind Dey walifanya utafiti 2003 wakauliza kama mifumo hii inamnyang'anya mtumiaji usukani. Walikuta watu wanahisi kupungukiwa na uwezo wa kuamua pale mfumo unapojiamulia, na bado wengi wanaukubali kama faida wanaiona. Naamini matokeo yao. Kwa madereva wetu lakini faida ilikuwa inakwenda kwingine, kwa mwenye duka na amani yake ya moyo, hasara ya mteja aliyekimbia inabaki kwa dereva anayelipwa kwa safari. Mtu hawezi kuvumilia mfumo unaomkosesha hela eti kwa ajili ya usalama wake, atautafutia njia, na njia yenyewe itakuwa ya hatari kuliko ya mwanzo.

Ilivyo sasa

Tulibomoa sehemu kubwa. Maneno mawili yakaondoka kwenye skrini ya dada, badala yake anaona mahali kwa jina la mtaani, spidi, na taarifa ina dakika ngapi. Ikipita dakika tano inageuka kijivu na inaandikwa "haijulikani" kwa herufi kubwa. Wenzangu walibishana sana kuhusu hilo neno, kwamba mama mwenye duka akiliona ataona mfumo mbovu. Mi nilisimama nalo. Victoria Bellotti na Keith Edwards walishasema 2001 kwamba mfumo wa namna hii una deni kwa mtumiaji, umwonyeshe unajua nini, umejuaje, na unafanya nini na hiyo taarifa, na pale usipokuwa na uhakika umwachie yeye. Skrini inayokubali haijui inamfanya dada anyanyue simu aulize. Ile ya kijani ilimfanya atulie.

Anayepiga naye sasa anaambiwa dereva anaonekana yuko barabarani, kama unataka kubadilisha mzigo bonyeza 1. Akibonyeza, simu inakwenda kwa dada kwanza, siyo kwa dereva, na dada ndo anaamua. Kwenye simu ya dereva kuna batani moja kubwa. Sisi tulikuwa tumeiandika "Nimesimama", madereva wakakataa, wakasema nikibonyeza hiyo bosi ataona nimezubaa. Wakataka iandikwe "Nipigie". Neno moja tu, lakini lile letu lilikuwa linamripoti mtu na lao linampa nafasi ya kusema anachotaka. Kwenye foleni ya pantoni wanaibonyeza wenyewe kabla hata hawajazima pikipiki, na ile kanuni ya duara la Magogoni tuliifuta.

Kizuizi chenyewe tulikibakiza sehemu moja: spidi ikiwa kubwa na GPS ina uhakika, simu haipiti kabisa. Pale kosa la kuzuia ni mteja kusubiri dakika mbili tatu, kosa la kuruhusu ni mguu wa mtu. Kwenye spidi ndogo hesabu inageuka, kwa hiyo mashine inanyamaza na watu wanaamua.

Limebaki suala la deiwaka. Dereva akichoka au akiwa na shughuli anampa mwenzake pikipiki na simu kwa siku hiyo, ni utaratibu wa kawaida, huwezi kuukataza. Kwenye mfumo jina ni la mwenye pikipiki na mtu ni mwingine. Albrecht Schmidt na wenzake waliandika 1999 kwamba muktadha ni zaidi ya mahali, na walitengeneza simu inayojua kama iko mkononi, mezani, kwenye begi au nje. Yetu inajua iko Tandika, haijui iko mikononi mwa nani. Tulijaribu namba ya siri, wakapeana namba ya siri. Kwa sasa deiwaka anamjulisha dada kwa mdomo na dada anaandika, na mpaka sasa sijaona njia nzuri kuliko hiyo.

Na suala la rekodi. Mara tu mahali na muda vilipoanza kuonekana wazi, msimamizi mmoja wa pale dukani akaanza kuuliza kwa nini fulani alikaa Temeke dakika arobaini Ijumaa. Alikuwa msikitini. Mwingine alikuwa kwenye msiba wa jirani. Tulikusanya hizo taarifa kwa ajili ya simu na usalama, kuzitumia kukata posho ni jambo jingine kabisa, na hapa nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililotajwa wakati wa kuzikusanya. Tukamwonyesha mama, akasoma, akasema sawa. Sasa njia za dereva zinafutwa kila usiku na kinachobaki ni mzigo ulifika au haukufika. Inatunyima data ambayo sisi wenyewe tungeitamani kwa kuboresha mfumo, najua, na bado naona ni bei halali.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mzee wa kijiweni alikuwa na mzigo wa Mabibo, na kwenye saa nne alama yake ikawa ya kijivu, haijulikani, dakika 12. Zamani mfumo ungeshampa oda nyingine. Dada akapiga kwenye simu ya kazi, haipatikani, akatoa daftari lake akapiga kitochi. "Shikamoo baba, uko wapi?" Akamwambia yuko chini ya daraja TAZARA, simu kubwa ameifunga kwenye nailoni isilowe, maji yamejaa mbele hapitiki. Dada akampigia fundi wa Mabibo akamwambia mzigo ni kesho asubuhi, fundi akakubali. Namba ya kitochi ya kila dereva sasa tumeiweka kwenye skrini, chini ya jina.